Prokirasio: mapashwa ya mutu mwenye alitumwa kushika mambo ya mwengine

Mashariki ya Kongo, watu wengi wanafanya mambo yao kwa mikono ya wengine. Mufanyabiashara wa Butembo anatuma kijana Kampala na feza za kununua vitu. Familia yenye ilikimbia vita inaachia jirani funguo za nyumba. Mutoto mwenye iko Ulaya anatumia kaka yake dola ili amununulie parsele Bunia ao Uvira. Wakulima wa kahawa wanachagua mwenzao mumoja aende kuuza magunia ya wote.

Mara mingi mambo hayo yanapita muzuri. Lakini siku yanaharibika, maneno ni yaleyale: feza zimeisha, parsele imeandikwa kwa jina la mwengine, na mwenye alitumwa anasema « mimi nilikuwa nasaidia tu ». Sheria ya Kongo haikubali jibu hilo. Mwenye alikubali kutumwa, hata kama ni kwa bure na hata kama ni ndugu wa tumbo moja, iko na mapashwa yenye yanaweza kuombwa mbele ya juji.

Sheria inaita nini kazi hiyo

Musingi ni sheria ya zamani sana. Dekre ya tarehe 30 mwezi wa saba mwaka 1888 juu ya mikataba iliandikwa wakati Kongo ilikuwa chini ya mufalme Leopold II, na mpaka leo njo inaitwa kitabu cha tatu cha Code civil. Kifungu cha 526 kinasema kama prokirasio ni tendo lenye mutu anapatia mwengine uwezo wa kufanya kitu kwa ajili yake na kwa jina lake. Kwenye makaratasi ya Kifaransa, mwenye kutuma anaitwa « mandant », na mwenye kutumwa anaitwa « mandataire ».

Mukataba huo haupo mpaka mwenye kutumwa akubali. Lakini kukubali hakuombe lazima sinyatire: mutu mwenye alipokea feza na kuanza kazi amekwisha kukubali. Prokirasio inaweza kufanywa mbele ya notere, ku karatasi ya kawaida, kwa barua, na hata kwa kinywa. Tena ni kazi ya bure, isipokuwa wote wawili walipatana malipo.

Watu wengi wanachanganya prokirasio na mukopo. Mwenye kukopa feza anaweza kuzitumia namna anapenda, mradi azirudishe siku yenye walipatana. Mwenye kutumwa hana uhuru huo. Feza zenye iko nazo mukononi hazikuwa zake hata siku moja. Ziko na kazi yenye zilipewa. Tofauti hiyo ni kubwa, juu inaonyesha ni kesi gani inaweza kufunguliwa kisha.

« Fanya yote » haitoshe kwa kuuza

Magumu makubwa yanakuwaka ku parsele. Mutu anakimbia, anaachia jirani karatasi yenye inasema: « Ninamuachia fulani mambo yangu yote ». Kisha mwaka moja anasikia kama parsele imeuzwa, na jirani anaonyesha ile karatasi.

Sheria iko wazi hapa. Prokirasio yenye inasema mambo kwa jumla inapatia mutu uwezo wa kuchunga mali tu: kupokea feza za nyumba kwa wapangaji, kutengeneza paa lenye linavuja, kulipa kodi ya serikali, kufuata mupangaji mwenye hataki kulipa. Kwa kuuza, kuweka mali kama dhamana ya mukopo, ao tendo lingine lenye ni la mwenye mali mwenyewe, uwezo huo unapashwa kutajwa waziwazi. Kama neno « kuuza » haliko, uwezo wa kuuza hauko.

Mwenye mali hafungwe na tendo lenye lilipita uwezo alitoa, isipokuwa yeye mwenyewe alikubali kisha. Hapo kuna mutego. Kukubali kunaweza kuwa kwa kimya: mutu mwenye anajua kama parsele yake iliuzwa, anapokea sehemu ya feza, na hasemi kitu, juji anaweza kusema kama alibariki ile uuzaji. Njo maana mwenye kusikia habari kama hiyo anapashwa kupinga mara moja, kwa maandishi, na asipokee hata dola moja.

Kuna ukuta mwengine tena. Sheria ya familia, yenye ilitengenezwa upya mwaka 2016, inaomba bibi na bwana wote wawili wakubali mbele ya kuhamisha haki ya parsele ao nyumba. Prokirasio ya bwana peke yake haitoshe. Na mutu mwenye anauza kitu chenye si chake anajiweka kwenye hatari ya kesi ya parke: ni kosa lenye Wafaransa wanaita « stellionat », na liko katika Code pénal.

Mwenye kununua naye asilale. Mutu mwenye anauza parsele kwa jina la mwengine, aombwe karatasi yake, na karatasi isomwe mustari kwa mustari: inataja parsele gani, inataja kuuza, ni ya tarehe gani? Simu moja kwa mwenye mali inagharimu kidogo kuliko miaka mingi ku tribinali.

Mapashwa ya mwenye kutumwa

*Afanye kazi yenye alikubali.* Wakati wote yeye njo mwenye kutumwa, anapashwa kufanya kazi, na hasara yenye inatokea juu hakuifanya ni yake. Tuseme mutu alipewa feza za kulipa kodi mbele ya tarehe fulani. Akaziweka nyumbani, tarehe ikapita, amande ikakuja. Hata kama hakukula kitu, ile amande inaweza kuombwa kwake. Kama anaona kazi inamushinda, aseme mapema ili mwenye kutuma atafute mwengine. Na kama mwenye kutuma anakufa wakati kazi iko katikati, na kuichelewesha kunaweza kuleta hasara, sheria inaomba aimalize. Lori ya maharagi yenye iko ndani ya njia haiwezi kuachwa ioze juu mwenye maharagi amefariki.

*Asipite mupaka.* Alitumwa kununua simenti, anunue simenti. Akinunua pikipiki juu aliona bei ni muzuri, pikipiki ni mzigo wake mwenyewe, na feza za simenti anapashwa kuzirudisha. Nia muzuri haipanue uwezo wenye alipewa.

Kwa upande mwengine, mwenye kubakia ndani ya mupaka analindwa. Wazee wanasema: mujumbe hauawi. Sheria inasema karibu vilevile. Kama alionyesha uwezo wake waziwazi kwa mwenye kuuza, na mwenye kumutuma ndiye hakulipa, deni linafuatwa kwa mwenye kutuma, si kwake.

*Achunge muzuri.* Mwenye kutumwa anajibu juu ya udanganyifu, na pia juu ya makosa ya uzembe. Kwa mwenye anafanya kazi bure, juji anapima makosa kwa ukali kidogo kuliko kwa mwenye kulipwa. Lakini kwa udanganyifu, hakuna kupunguziwa.

Swali la wezi wa njiani linarudia mara mingi katika majimbo ya mashariki. Mutu anasema walimukamata njiani, wakamunyanganya kila kitu. Kama ni kweli, na kama hakufanya uzembe wowote, hasara hiyo si yake: hakuna mutu anapashwa kulipa kitu chenye hakuweza kuzuia. Lakini kusema tu hakutoshe. Yeye njo anapashwa kuonyesha namna ilipita: alikuwa na nani ndani ya gari, alisafiri saa gani, alitoa habari wapi na siku gani. Mwenye alikatazwa kusafiri usiku na akasafiri usiku, ao mwenye alikaa kimya wiki tatu mbele ya kusema, kesi yake ni zaifu.

*Atoe hesabu na arudishe yote.* Hili njo pashwa lenye linasahauliwa sana, na njo lenye nguvu kupita yote. Mwenye kutumwa anapashwa kuonyesha namna aliongoza kazi na kurudisha kila kitu alipokea kwa sababu ya ile kazi. Sheria inaongeza neno moja la maana: hata kama kitu alipokea hakikuwa haki ya mwenye kutuma. Mupangaji alilipa mwezi moja mara mbili kwa makosa? Mwenye kutumwa hawezi kusema « hizi si za mwenye nyumba, kwa hiyo ni zangu ». Anazitoa, na mwenye nyumba atamalizana na mupangaji. Muuzaji wa mabati alipunguza dola 50 juu ya bei? Dola hizo 50 ni za mwenye alituma, isipokuwa walipatana mambo mengine.

Kama alichukua feza na kuzitumia kwa mambo yake, kwa mufano kuzizungusha katika biashara yake miezi mbili mbele ya kununua parsele, iko na deni la faida ya feza hizo, tangu siku alizitumia. Kwa feza zenye zinabakia mukononi mwake kisha hesabu, faida inahesabiwa tangu siku aliombwa rasmi kuzirudisha. Njo maana barua ya kuomba feza, yenye tarehe, iko na maana.

*Ajibu juu ya mutu mwenye aliweka pa nafasi yake.* Kaka alitumwa, naye akatuma rafiki, rafiki akapotea na feza. Kama kaka hakupewa uwezo wa kuweka mutu mwengine, anajibu juu ya matendo ya ule rafiki kama ni yake. Kama alipewa uwezo huo bila jina kutajwa, anajibu tu kama alichagua mutu mwenye kila mutu anajua hawezi kazi ao hana kitu cha kulipa. Na mwenye kutuma anaweza kufuata ule wa pili moja kwa moja.

Kama watu wawili walitumwa pamoja, kila mumoja anajibu juu ya sehemu yake, isipokuwa karatasi inasema kama mumoja anaweza kuombwa deni lote. Wakulima wenye wanachagua wajumbe wawili wa kuuza kahawa wanafanya muzuri kuandika neno hilo.

*Afanye kwa uaminifu.* Kifungu cha 33 cha ileile Code kinaomba kila mukataba utimizwe kwa uaminifu. Mwenye kutumwa kuuza, akiuza kwa mupwa wake kwa bei ya chini ili parsele irudie kwake; mwenye kutumwa kununua, akipatana na muuzaji aandike bei ya juu ku fakture na wagawanye; hao wote wanavunja mukataba, hata kama parsele ao vitu vilifika kweli.

Na komisionere?

Katika miji ya mashariki, « komisionere » ni mutu mwenye anatafutia watu nyumba ao parsele na kupata kitu kidogo juu yake. Jina hilo linadanganya. Kongo iko ndani ya OHADA tangu tarehe 12 mwezi wa kenda mwaka 2012, na katika sheria ya biashara ya OHADA, « commissionnaire » ni mutu mwenye ananunua ao anauza kwa jina lake mwenyewe, lakini kwa ajili ya mwengine. Mwenye kazi yake ni kukutanisha watu wawili ili wapatane, OHADA inamuita « courtier ». Komisionere wa muji anafanana zaidi na huyu wa pili: anakutanisha, hauzi.

Matokeo yake ni rahisi kuelewa. Kukutanisha watu hakupe uwezo wa kupokea garantie ya nyumba, wala bei ya parsele. Mwenye kulipa feza kwa komisionere, bila karatasi ya mwenye nyumba yenye inasema « umulipe huyu », anaweza kuombwa kulipa mara ya pili.

Mwenye kutuma naye iko na mapashwa

Anapashwa kutimiza yote yenye mwenye kutumwa alipatana ndani ya uwezo alipewa. Hawezi kukataa simenti juu bei ilishuka kesho yake. Anapashwa kurudishia mwenye kutumwa feza alitoa mufukoni, kama vile transpor na feza za makaratasi, na kumupa malipo kama walipatana. Kama kazi haikufanikiwa bila kosa la mwenye kutumwa, anapashwa kulipa tu. Tena, hasara yenye mwenye kutumwa alipata kwa sababu ya kazi, bila uzembe wake, ni ya mwenye kutuma.

Namna prokirasio inaisha

Mwenye kutuma anaweza kuondoa uwezo wakati wowote anapenda, na anaweza kulazimisha karatasi irudishwe. Prokirasio inaisha pia kama mwenye kutumwa anaacha kazi, ao kama mumoja wao anakufa. Kuchagua mutu mupya kwa kazi ileile kunaondoa wa kwanza, tangu siku yenye alijulishwa.

Lakini kumuambia mwenye kutumwa peke yake hakutoshe. Mutu wa inje mwenye hakujua kama uwezo umeondolewa, na akapatana naye kwa moyo safi, analindwa na sheria. Kwa hiyo mwenye kuondoa uwezo anapashwa kuchukua tena karatasi, kuambia wapangaji, shefu wa kartie na mutunzaji wa vyeti vya ardhi, na kuchunga ushuhuda kama aliwaambia. Karatasi ya zamani yenye inabakia ndani ya mufuko wa mutu ni hatari.

Kifo nacho kinaleta mapashwa. Kama mwenye kutumwa amefariki, wariti wake wanapashwa kujulisha mwenye kutuma, na wakati wanangojea, wafanye yenye inaombwa ili mali isiharibike.

Kama feza zimekuliwa

Njia ya kwanza ni kuomba hesabu kwa maandishi, na kupatia mutu siku za kujibu. Wengi wanapatana hapo, mbele ya familia ao wazee. Makubaliano hayo nayo yaandikwe na kutiwa sinyatire.

Njia ya pili ni kesi ya feza: kuomba juji alazimishe mutu atoe hesabu, arudishe feza, na alipe hasara. Wakati wa kufungua kesi kama hiyo ni murefu. Kwa kawaida Code civil inaweka miaka 30.

Njia ya tatu ni parke. Kifungu cha 95 cha kitabu cha pili cha Code pénal kinaazibu mutu mwenye alipewa feza, vitu ao makaratasi ili avirudishe ao avitumie kwa kazi fulani, naye akavikula kwa udanganyifu. Kosa linaitwa « abus de confiance ». Azabu ni kifungo cha miezi 3 mpaka miaka 5, pamoja na amande. Tribinali de pe inaweza kuhukumu kosa hilo. Lakini hapa wakati ni mufupi: kisha miaka 3 parke haiwezi tena kufuata. Familia zenye zinangoja amani irudie mbele ya kuleta kesi zijue tofauti hiyo. Njia ya parke inaweza kufungika wakati njia ya kudai feza bado iko wazi.

Deni tu si kosa la kufungwa. Mwenye alikopa na akashindwa kulipa hakufanya abus de confiance, na kumuingiza buloko juu ya mukopo si haki. Juji atauliza swali lenye tuliliona mwanzoni: feza zilitolewa kama mukopo, ao zilitolewa kwa kazi yenye ilitajwa?

Kwa ushuhuda, maandishi njo yanashinda. Tangu Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa tatu mwaka 2023, maandishi ya elektroniki yanaweza kukubaliwa kama ya karatasi, kama inajulikana nani aliyaandika na kama hayakubadilishwa. Ujumbe wa WhatsApp wenye unasema « nimepata dola 3 000 za parsele » usifutwe, wala ujumbe wa M-Pesa ao Airtel Money wenye unaonyesha feza zilipita.

Mambo ya kuandika mbele ya kutuma

- Majina kamili ya wote wawili, namba ya kitambulisho, na tarehe.
- Kazi yenyewe, moja kwa moja: kununua nini, wapi, kwa bei gani ya juu zaidi. Kama ni kuuza, neno « kuuza » na parsele gani.
- Feza ngapi zilitolewa, na namna zilitolewa.
- Kama anaweza kuweka mutu mwengine ao hapana.
- Malipo yake, ao neno « bure ».
- Siku ya kutoa hesabu, na siku yenye uwezo unaisha.
- Sinyatire za wote wawili, na za mashahidi. Kwa parsele, muzuri kupita kwa notere. Mwenye iko inje ya inchi anaweza kupita ku ubalozi wa Kongo.

Katika familia mingi, kuomba karatasi kunaonekana kama kumuita ndugu mwizi. Lakini karatasi hiyo inachunga zaidi ndugu mwaminifu. Siku mwenye kutuma anakufa na wariti wanakuja kuuliza « feza za baba ziko wapi? », mwenye hana karatasi anabakia na kinywa chake tu. Mwenye iko nayo, pamoja na risiti zake, anaonyesha hesabu na kurudia nyumbani kwake na amani.